Kichuguu Juu ya Kaburi la Mzee Kondo

Ipo nchi moja, na msiniulize jina lake, kwani hata wenyewe hulitaja wakiwa wamesimama wima na kubana mikono. Nchi hiyo haikosi kitu. Ina mito, ina mabonde, ina wizara arobaini na moja, na mwaka huo ninaousimulia ilikuwa na vita pia, isije ikaonekana imepungukiwa.

Vita vyenyewe vilikuwa vya kugombea fungu la mchanga katikati ya mto wa mpakani. Masika maji hulisukuma fungu hilo likahamia upande wa jirani, na kiangazi hurudi lenyewe bila kusindikizwa na mtu. Tangu enzi za mababu, likiwa huku walilima matikiti wa huku, likiwa kule walilima wa kule, na harusi waliozeshana. Lakini Serikali ilikaa ikachunguza, ikagundua kwamba kuhamahama kule kulikuwa uchokozi.

Shida ilibaki moja tu, ndogo: vijana hawakutaka kwenda. Walipigiwa matarumbeta wakayacheza vizuri sana, kisha wakarudi makwao kula. Ndipo Wizara ya Ushujaa, Makaburi na Hamasa ilipotoa waraka. Ulisema kwamba ushujaa, kama upara, mtu huurithi. Kwa hiyo kila kijiji kitafute kaburi la mzee aliyekwenda vile vita vya kwanza, vya Wazungu kwa Wazungu. Kaburi lipakwe chokaa, lizinduliwe na mgeni rasmi, na kijana mmoja wa damu ya marehemu atunukiwe heshima ya kwenda mstari wa mbele. Chini kabisa paliandikwa kwa herufi kubwa: DAMU HAIRUKI. Majina yafike Ijumaa, kabla ya saa sita.

Waraka ulifika kijijini Kitopeni siku ya Alhamisi, jioni.

*

Ijumaa asubuhi Mtendaji wa kijiji, Bwana Lwambo, alichomeka suruali ndani ya soksi kwa kuogopa upupu, akaingia makaburini na daftari. Makaburi ya Kitopeni ni ya watu wasiopenda makuu: tuta la udongo, jiwe kichwani, pengine sahani aliyoipenda marehemu. Kaburi la saruji lilikuwa moja tu, la Mzee Kondo, na hilo nalo mchwa walikuwa wamejenga kichuguu juu yake, kikubwa kama mbuzi aliyelala. Pembeni mwa kichuguu, pale mchwa walipokuwa hawajafika, palisomeka maneno mawili yaliyochorwa kwa msumari: KWA SHUJAA.

Bwana Lwambo alivua kofia. Hakuhitaji kusoma zaidi. Kwanza hapakuwa na zaidi ya kusoma, pili ilikuwa saa nne, na gari la barua huondoka saa tano.

Alipotoka kuipeleka barua alipitia kwa Bi Siwatu, mjukuu wa marehemu, aliyekuwa uani akipepeta mchele.

"Hodi! Hodi kwa mama wa taifa!"

"Karibu, Mtendaji. Taifa gani tena asubuhi yote hii?"

"Babu yako amepanda cheo."

Bi Siwatu aliweka ungo chini. "Babu alikufa mwaka ule wa unga wa njano. Amepanda wapi?"

Mtendaji alimsomea waraka mpaka penye damu isiyoruka. Bi Siwatu alisikiliza huku jicho lake likienda barazani, kwenye cherehani, alikokaa mwanawe wa pekee, Mikidadi. Kijana huyo alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa mpole wa kupitiliza. Nyigu akitua kwenye cherehani yake, alisubiri nyigu amalize shughuli zake ndipo ashone.

"Mtendaji, mwanangu," alisema Bi Siwatu, "babu hakupigana vita. Babu alibeba beseni."

"Beseni la risasi?"

"La kuogea! La bwana afande, Mzungu, asiyeweza kuoga mtoni. Siku risasi zilipolia, babu akajifunika beseni akalala. Alipolifunua, vita vimehama. Akajitwika, akatembea siku kumi na moja mpaka hapa uani. Ndilo lile pale kwenye mti, nimemwogeshea Mikidadi tangu ana siku saba."

"Mama, tusimvunjie marehemu heshima."

"Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akisimulia! Anacheka mpaka anakohoa, mpaka tunampiga mgongoni."

"Na kaburini pameandikwa nini?"

"Hapo ndipo! Yapo maneno mengine, yamemezwa na kichuguu. Siku mtani wake anaandika kwenye saruji mbichi, ndoo ya maji nilishika mimi. Babu mwenyewe aliyataka maneno yale kabla hajafa. Ondoeni kichuguu, msome."

Bwana Lwambo alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake akitaka kukinga mvua kwa ungo. "Mama, taarifa imeshapanda. Taarifa ikipanda haishuki. Umewahi kuona moshi unarudi jikoni?"

"Hakuna fomu ya kukataa?"

"Ipo, kwa nini isiwepo? Fomu ya Kukanusha Ushujaa. Inajazwa nakala tatu, halafu inatiwa saini na shujaa mwenyewe."

*

Jumatatu yake wakaja watu wa Wizara, wanane, katika gari la watu wanne. Walilizungushia kaburi kamba ya rangi za bendera, wakapaka chokaa kila mahali pasipo na kichuguu, na kichuguu chenyewe wakakiandika kwenye orodha kuwa ni mnara wa asili. Kisha wakasimika kibao: KABURI LA TAIFA. HAKUNA KUFAGIA BILA KIBALI.

Beseni walilichukua pia. Mkubwa wao alilizungusha juani, akaona mahali lilipobonyea, akapiga saluti. "Ngao," alisema. "Na hapa ndipo ilipogonga risasi."

"Hapo ndipo babu alipoliangusha akikimbizwa na ngiri," alisema Bi Siwatu.

"Andika," mkubwa alimwambia mwenzake. "Adui alikuwa na pembe."

Mikidadi wakampima kwa ajili ya sare, na buti wakampa palepale. Zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto.

"Mama, wamenipa buti," alisema, akijaribu kutembea, na kila hatua tatu akijikuta amekata kona.

"Naziona, baba."

"Wanasema nitapandishwa jukwaani. Nitatajwa redioni."

"Mikidadi, wewe kuku wa sikukuu akichinjwa unakimbilia chooni usimwone."

"Damu hairuki, mama. Labda ushujaa umo, bado haujaamka."

"Uache ulale!" alisema Bi Siwatu. "Umekukosea nini hata uuamshe?"

Alfajiri ya kesho yake alikwenda makaburini kumsalimia babu, kwa nje ya kamba. Akaona jambo jipya. Kando ya kaburi la Mzee Kondo vilikuwa vimepigwa vigingi vinne, na kigingi cha mbele kina kibao kidogo, safi, chenye herufi za kupendeza: NAFASI IMETENGWA.

Bi Siwatu alivua kandambili, akapima kwa unyayo kutoka kigingi hadi kigingi. Akarudia. Yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kushona, na urefu wa kanzu ya Mikidadi aliujua kuliko alivyoujua umri wake mwenyewe. Akakaa chini.

Mtu wa Wizara aliyelala kwenye gari akamjia akipiga miayo. "Usishtuke, mama. Ni utaratibu tu. Kipimo cha sare na kipimo hiki tunatumia kimoja, kubana matumizi. Vita vilivyopita tulichelewa kupanga, mashujaa wakapanga foleni."

Bi Siwatu alivaa kandambili zake, akashika njia ya kivukoni.

*

Ng'ambo ya mto wa Kitopeni, si ule wa mpakani, wanakaa watani wa ukoo wa Kondo. Mtani, kwa asiyejua, ni mtu mwenye ruhusa ya mababu ya kukutukana msibani. Atalala kaburini kabla ya maiti, ataficha sepetu, atamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na hakuna wa kumgusa. Anayemzuia mtani kaburini, wazee wanasema, atazikwa na watu wanaopiga miayo.

Aliyeandika kwa msumari kwenye kaburi la Mzee Kondo alikuwa mtani wake, fundi mwashi. Fundi naye amekwisha kufa, lakini binti yake, Bi Sijaona, yupo, na ulimi amerithi wote.

"Ala! Mtani wangu!" alipokea Bi Sijaona. "Uso umeungua kama sufuria ya shule, una nini? Au babu yenu kafufuka, kasikia vita, kakimbia tena?"

Bi Siwatu alitaka kucheka, akalia. Akaeleza yote: waraka, buti, vigingi vinne. Bi Sijaona alimsikiliza mpaka mwisho, akamwaga maji ya kunawa, akakaa karibu naye.

"Yale maneno unayakumbuka?"

"Herufi kwa herufi. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Haya. Wao wameokota maneno mawili ya katikati, wakadhani baba yangu alikuwa akitoa zawadi." Bi Sijaona alijipigapiga paja. "Wewe siku ya sherehe njoo na ndoo ya maji, kama ile siku. Jembe ninalo mimi."

"Watakukamata."

"Wanikamate kwa kosa gani? Mimi mtani, namdai Kondo jembe langu."

*

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alitakiwa kufika saa tatu, na saa sita na robo akafika mapema. Alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mlindimo, mtu wa sauti kubwa kiasi kwamba kipaza sauti alipewa kwa heshima tu. Redio ilikuwa ikirusha moja kwa moja nchi nzima. Wageni walitambulishwa, halafu wakatambulishwa waliotambulisha, halafu ikaombwa dua fupi iliyochukua muda wake. Mikidadi alisimamishwa jukwaani na buti zake, akawa kama mtu anayetaka kwenda msalani na hajui ni upande gani. Beseni liliwekwa kwenye meza yenye kitambaa cha zari.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa alinguruma. "Kaburi hili si kaburi. Kaburi hili ni chuo! Mzee Kondo alipomwona adui, hakuuliza adui wako wangapi!"

Kweli kabisa, alisema Bi Siwatu moyoni, ameshika ndoo. Hakuuliza.

"Aliwaacha maadui wameduwaa!"

Hilo nalo kweli.

"Na alirudi nyumbani na ngao yake! Hakuitupa! Ndugu zangu, damu hairuki! Hata mimi Mlindimo mnayeniona hapa ni damu ya shujaa, na wanangu ni damu ya shujaa, na hilo liandikwe!"

Karani wa Wizara, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika, akaandika.

"Serikali yenu sikivu," Mheshimiwa aliendelea, akijifuta jasho, "inathamini mila kwa mapana na marefu yake. Mtu asiye na mila ni gari lisilo na namba!"

Hapo ndipo kilio kilipotoka nyuma ya umati. "Uwiii! Kondo weee! Umezikwa na jembe langu!" Watu wakapisha. Bi Sijaona alikuja amevaa koti la marehemu mumewe nyuma mbele, ungo kichwani kama helmeti, na jembe begani. Mkononi alivuta kamba iliyofungwa kopo bovu, akiliita, "Njoo, afande, njoo."

Askari wakainua virungu. Mzee mmoja akamwinamia Waziri sikioni, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, nchi nzima ikasikia: "Mheshimiwa, mtani huyo. Mtani hazuiwi kaburini."

Mheshimiwa alijua. Siku ya msiba wa mama yake, mtani alikalia sufuria ya pilau mpaka alasiri, na yeye Waziri akala ndizi. Tena hata dakika mbili hazijapita tangu alipolitaja lile gari lisilo na namba. Akacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole na mkubwa wake. "Mwacheni! Ni mila!"

Bi Sijaona akaruka kamba ya bendera. "Kondo, toa jembe langu, mwoga wewe!" Jembe la kwanza, la pili, na kwa la tatu kichuguu chote kiling'oka kama kofia. Mchwa wakatawanyika kutafuta Wizara nyingine, na wengine wakapanda viatu vya meza kuu. Bi Siwatu alisogea, akamwaga maji juu ya saruji taratibu, kama alivyomwaga akiwa na miaka tisa, na mtani wake akasugua kwa ncha ya kanga.

"Mheshimiwa," alisema Bi Sijaona kwa adabu kubwa, "mimi sikusoma, na vyeti unavyo wewe. Nisomee basi, shujaa wetu kaandikwa nini."

Mheshimiwa Mlindimo hakuwahi kukataa kusoma mbele ya kipaza sauti. Alivaa miwani, akajaza kifua, akatoa sauti iliyofika mpakani: "KWA MWOGA HUENDA KICHEKO!"

Akacheka mtu mmoja, mwanamke, huko nyuma kabisa, kile kicheko cha puani ambacho mtu anakizuia. Kikamponyoka. Wakacheka waliokuwa karibu naye, wakacheka wazee, wakacheka askari kwa zamu, na wanasema siku ile nchi nzima watu waliegemea redio zao wakishika mbavu.

"Malizia, Mheshimiwa," alisema Bi Siwatu. "Kwa shujaa huenda kilio."

*

Meza kuu ilikaa kikao cha dharura palepale, vichwa vimegusana. Mmoja alipendekeza kaburi likamatwe. Mwingine akasema isomwe kwamba mwoga ni cheo cha zamani. Bi Siwatu aliisogelea meza na ndoo yake tupu. Hajawahi kusema na mtu mkubwa kuliko Mtendaji, lakini kila akifumba jicho aliona vigingi vinne.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Damu inaruka, au hairuki?"

Mheshimiwa alitazama kipaza sauti. Akatazama fulana elfu arobaini za Wizara zilizovaliwa na umati, zenye DAMU HAIRUKI kifuani. "Ha... hairuki."

"Babu yangu ni mwoga, imeandikwa kwenye saruji, na umeisoma wewe, kila mtu amesikia. Basi mwanangu huyu ni nani?"

Pale jibu linapokosekana, katika nchi ile, hutolewa cheti. Kiliandikwa juu ya kitambaa cha zari, kikapigwa muhuri mara tatu: CHETI CHA WOGA WA KURITHI. MWENYE CHETI HIKI HAFAI KWA VITA, HATA VIDOGO.

Mikidadi alivua buti, akazirudisha kwa mkono wa kulia. Akakipokea cheti, akakisoma, akamtazama mama yake. "Mama, muhuri haujakauka."

"Utakaukia nyumbani. Twende." Na njiani, bila haya, alimshika mkono kijana wa miaka ishirini na miwili mpaka uani.

*

Cheti kimetundikwa ukutani juu ya cherehani. Vigingi vinne Bi Siwatu alikwenda kuving'oa mwenyewe, na sasa vimebeba nyanya. Beseni lilirudishwa na Wizara pamoja na barua ya kulishusha cheo. Vita navyo? Masika ilinyesha, fungu la mchanga likahamia kwa jirani, kiangazi likarudi, na serikali zote mbili zikajipongeza kwa kushinda. Zinasubiri masika nyingine.

Lakini akina mama wa nchi ile wana masikio. Wiki haikwisha wakaanza kufika Kitopeni, mmojammoja, na vijana wao nyuma, wakitafuta cheti kama kile. "Dada, sisi ni ukoo wa Mzee Kondo, kwa upande wa shangazi." Wazee walikaa wakapiga hesabu: siku kumi na moja njiani na beseni kichwani ni nyumba kumi alizolazwa, na nyumba kumi ni vijiji kumi. Nani atabisha? Bi Siwatu hakumkatalia mtu. Alitaka jambo moja tu. Kila aliyekuja afagie kaburi, kisha asome maandishi kwa sauti mpaka neno la mwisho, na mwanawe asikie. Asiyejua kusoma alisomewa, na akayarudia. Bi Siwatu alisema mtoto aliyepona kwa kusomewa nusu ya maneno hajapona bado.

Asubuhi moja likasimama gari jeusi lenye mapazia. Akashuka mama mmoja wa miwani ya giza, amejifunga kanga mpya iliyokuwa bado na karatasi ya dukani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu."

Yule mama alivua viatu virefu, akasimama mchangani pekupeku. Alivua na miwani. Macho yalikuwa mekundu. "Mume wangu sauti yake unaijua. Siku ile alisema redioni wanawe ni damu ya shujaa, liandikwe, na karani akaandika. Juzi wamekuja kumpima kijana wangu nguo."

Bi Siwatu alikuwa na maneno yake ya kuchekesha, ameyaweka tangu siku ya sherehe, tayari kabisa. Akayameza. "Ana urefu gani?"

"Futi sita." Akakunja pindo la kanga mkononi. "Dada, hivi babu yako, siku zile anarudi... hakupitia upande wa kwetu? Kwetu ni Mwambani."

Mwambani iko magharibi, kwendako jua, na Mzee Kondo alitokea kusini. Kufika huko angelazimika kuipita Kitopeni, avuke milima miwili, na arudi nyuma.

Bi Siwatu aliitazama miguu ile laini mchangani. Akaurefusha mkono, akachukua ufagio wa chelewa ulioegemezwa mtini.

"Alipitia, mdogo wangu," alisema. "Babu akikimbia alikuwa hachagui njia. Kamata, anzia pale kichwani."